Dainamomita peke yake haitoshi: kupima mkazo wa mikono na viwiko kwenye meza ya minofu

Swali: Mimi ni msimamizi wa usalama na afya katika kiwanda cha kuchakata sangara jijini Mwanza. Wakata minofu na wachuna ngozi wetu wanalalamika ganzi ya vidole nyakati za usiku na maumivu ya upande wa nje wa kiwiko. Uongozi umeniambia niulete ushahidi wa namba. Nimeazima dainamomita, kile kifaa kinachobanwa kwa kiganja na kuonyesha kilo. Nikiwapima wafanyakazi wote nguvu za mikono, je, nitakuwa nimepima mkazo wa kazi? Na kiwiko chenyewe kinapimwaje?

Jibu: Kwa kifupi, hapana. Dainamomita itakueleza mfanyakazi ana nguvu kiasi gani, lakini haitakueleza kazi inamdai kiasi gani, na mkazo ni uwiano wa mambo hayo mawili. Mtu anayeweza kubana kilo 40 na mwenzake anayeweza kubana kilo 25, wakishika kisu cha aina moja kwa nguvu ya kilo 10, wa kwanza anatumia robo ya uwezo wake na wa pili anatumia asilimia 40, ingawa wamesimama meza moja na kukata samaki wa kreti moja. Ukiwapima wote na kuwaandika kwenye jedwali, uongozi utalisoma jedwali hilo kama orodha ya watu imara na watu dhaifu, na hatua itakayofuata unaweza kuijua kabla kikao hakijaisha: waliobana kidogo watahamishwa, au hawataitwa tena kazi itakapopungua, huku meza, kisu na kasi vikibaki vilevile. Kifaa hicho kiweke kando kwa sasa. Kina kazi yake, nami nitakifikia.

Tuanze na kiwiko, maana ndicho kinachowapotosha wapimaji wengi. Mtu akisikia kwamba kiwiko kinauma, huenda mezani kuangalia kama kinakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, na akikiona kimetulia huona malalamiko hayana msingi. Kumbe kwenye kile kifupa kinachochomoza upande wa nje wa kiwiko ndipo zilipojishikiza kano za misuli inayoinua kiganja kwa nyuma, na misuli hiyo hulazimika kufanya kazi kila vidole vinapobana kitu. Vidole vikifumba kwa nguvu, kano zake zinazopita upande wa ndani wa mkono huvuta kiganja chote kikunjike. Ili kisikunjike, misuli ya upande wa nyuma lazima ikaze kwa wakati uleule. Mwambie mkata minofu ashike kisu kwa mkono wa kulia, aweke vidole vya mkono wa kushoto juu ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, chini kidogo ya kiwiko, kisha aubane mpini. Atausikia msuli ukituna na kuwa mgumu ingawa kiwiko hakijasogea hata kidogo. Basi mkazo wa kiwiko, kwa kazi ya aina yenu, hupimwa kwenye mshiko: unabanwa kwa nguvu gani, mara ngapi, kwa muda gani, na kifundo cha mkono kikiwa kimepinda kiasi gani.

Ganzi nayo ina ramani yake, na ramani hiyo huchorwa kwa kalamu tu. Muulize kila mfanyakazi ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Ikiwa ni dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile kinachofuata, neva inayoshukiwa ni ile inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono, na hiyo ndiyo hasa inayowaamsha watu usiku wakikung'uta mkono. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake, shuku neva inayopita nyuma ya kiwiko. Hapo sasa inafaa uangalie kama mtu huegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza au hukaa nacho kimekunjwa muda mrefu. Lipo dodoso lililotungwa na watafiti wa nchi za Nordiki mwaka 1987, lenye mchoro wa mwili na maswali mafupi: je, umepata maumivu au usumbufu hapa katika miezi 12 iliyopita, je, yamekuzuia kufanya kazi zako za kawaida, je, umeyapata katika siku 7 zilizopita. Litumie kwa meza zote pamoja na wafungashaji, ili uwe na kundi la kulinganisha. Wengi wa wafanyakazi wenu, nadhani, huyaeleza maumivu vizuri zaidi kwa Kisukuma kuliko kwa Kiswahili cha fomu. Mwache mtu aeleze kwa lugha anayoiweza, wewe andika.

Sasa kazi yenyewe. Njia ninayokushauri ni Faharisi ya Mkazo iliyochapishwa na Moore na Garg wa Marekani mwaka 1995. Naipendekeza kwa sababu mbili: ilijengwa kutokana na takwimu za kiwanda cha kuchakata nyama ya nguruwe, yaani kazi ya visu, baridi na maji inayofanana na yenu kuliko kazi za ofisini, na ilikusudiwa hasa kwa sehemu ya mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Huhitaji zaidi ya simu yenye kamera, saa, karatasi na subira. Hupima mambo sita: ukubwa wa nguvu inayotumika, sehemu ya muda ambayo nguvu hiyo inatumika, idadi ya mikazo kwa dakika, yaani mara ambazo mkono unakaza, mkao wa kiganja na kifundo, kasi ya kazi, na saa za kazi hiyo kwa siku. Kila jambo hupewa daraja, kila daraja lina kizidishi chake, na vizidishi vyote sita huzidishwa pamoja. Matokeo yakiwa chini ya 3, kazi inahesabiwa kuwa huenda ni salama. Yakizidi 7, huenda ni hatari. Katikati ni eneo la tahadhari. Kila mkono huhesabiwa peke yake, na jambo hili wapimaji hulisahau mno. Kwenye kuchuna ngozi, mkono wa kushoto unaoifinya ngozi inayoteleza unaweza kupata alama kubwa kuliko mkono wa kulia ulioshika kisu.

Jambo la kwanza, yaani ukubwa wa nguvu, ndilo linalobeba hesabu yote, nalo ndilo gumu zaidi kupima. Vizidishi vyake ni 1 kwa nguvu nyepesi, 3 kwa nguvu iliyo nzito kiasi, 6 kwa nzito, 9 kwa nzito sana, na 13 kwa ile inayokaribia kikomo cha uwezo. Angalia ukubwa wa hatua hizo: ukikosea daraja moja tu, kutoka 3 kwenda 6, matokeo yote yanakuwa maradufu, wakati kosa la daraja moja katika mambo mengine kwa kawaida hubadilisha matokeo kwa theluthi au nusu. Kwa hiyo nusu ya muda wako wa kupima itumie hapa, na usitegemee njia moja.

Njia ya kwanza ni macho. Waandishi wa faharisi wenyewe walitoa dalili zinazoonekana: katika nguvu nyepesi mtu anafanya kazi kwa utulivu na juhudi haionekani, katika nzito kiasi juhudi inatambulika, katika nzito juhudi ni dhahiri lakini uso haujabadilika, katika nzito sana uso unabadilika, meno yanakazwa au nyusi zinakunjwa, na katika ile ya mwisho mtu analazimika kuingiza bega au kiwiliwili ili kisu kipite. Simama upande wa mbele wa meza, ambako unauona uso, usisimame nyuma ya mgongo wa mfanyakazi.

Njia ya pili ni kumuuliza mwenyewe kwa mizani ya Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, inayoanzia 0 hadi 10: 0 ni hakuna juhudi yoyote, 2 ni nyepesi, 3 ni ya wastani, 5 ni nzito, 7 ni nzito sana, na 10 ni nzito kupita kiasi. Jibu la 2 au chini yake huingia daraja la kwanza la faharisi, 3 huingia la pili, 4 na 5 la tatu, 6 na 7 la nne, na zaidi ya 7 la tano. Uliza mara baada ya kukata, kisu kikiwa bado mkononi, na utaje kitendo mahususi. "Kazi ni nzito?" ni swali la jumla mno, "pale ulipokuwa unatenganisha mnofu na mbavu, ulibana kiasi gani?" ndilo linalojibika.

Njia ya tatu ndiyo kazi halali ya dainamomita yako. Mfanyakazi akimaliza kipande cha kazi, mpe kifaa na umwambie akibane kwa nguvu ileile aliyoisikia alipokuwa akikata. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kisha apumzike, na umpime uwezo wake wa juu: akae, mkono ukiwa ubavuni, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kifundo kimenyooka, abane kwa nguvu zake zote mara tatu kwa kupumzika kati ya mara moja na nyingine, nawe uchukue wastani. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Aliyeonyesha kilo 12 kwa kazi na kilo 34 kwa uwezo wa juu anatumia takriban asilimia 35, na hiyo iko katika daraja la "nzito", linaloanzia asilimia 30 na kuishia chini ya asilimia 50. Vipimo vyote viwili vifanyike katika hali moja: kama anakata akiwa na glovu, abane mara zote akiwa na glovu hiyohiyo. Kumbukumbu ya mkono hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, hivyo usihukumu meza kwa mtu mmoja. Chukua watu kadhaa wa kazi ileile, na ukiona macho, maneno ya mfanyakazi na dainamomita vinakubaliana, daraja umelipata. Visipokubaliana, mimi huwa naanza kwa kushuku macho yangu.

Mambo matano yaliyobaki huchukuliwa kwenye video. Rekodi kila mkono kwa dakika za kutosha kuona samaki kadhaa, wakubwa kwa wadogo, kisha itazame kwa mwendo wa polepole. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba katika dakika 10 za mkata minofu umehesabu mikazo 170 ya mkono wa kulia. Hiyo ni 17 kwa dakika, na daraja la 15 hadi 19 lina kizidishi 2. Jumla ya sekunde ambazo mkono ulikuwa unakaza imefika dakika 6, yaani asilimia 60 ya muda, na daraja la asilimia 50 hadi 79 nalo ni 2. Kifundo kimepinda upande wa kidole cha mwisho nyuzi kama 18, jambo la kawaida mtu anapotumia kisu kilichonyooka juu ya meza bapa, na huo ni mkao wa wastani wenye kizidishi 1.5. Kasi ni ya kawaida, 1. Zamu ni ya saa 8, na daraja la saa 4 hadi 8 ni 1. Nguvu umeikuta nzito, 6. Zidisha: 6 × 2 × 2 × 1.5 × 1 × 1 = 36. Kazi hiyo imekipita kikomo cha hatari mara tano.

Hapa ndipo namba zinapoanza kuufaa uongozi, kwa sababu unaweza kuwaonyesha ni badiliko lipi linalolipa. Wengi hukimbilia kuzungusha wafanyakazi. Ukimtoa mtu kwenye meza hiyo akae saa tatu badala ya nane, kizidishi cha muda kinashuka kutoka 1 hadi 0.75 na matokeo yanakuwa 27, bado ni hatari kubwa. Na kama saa zilizobaki anazipeleka kwenye kuchuna ngozi, misuli ileile ya kigasha inaendelea kulipa, kwa hiyo hata ile robo iliyopungua ni ya kwenye karatasi tu. Lakini kisu kikiwa kikali kiasi cha kuishusha nguvu kutoka nzito hadi nzito kiasi, 36 inakuwa 18 bila kumhamisha mtu yeyote. Ukiongeza meza inayorekebishwa kimo na mpini unaomruhusu mtu kunyoosha kifundo, 18 inakuwa 12. Mikazo ikipungua hadi kati ya 9 na 14 kwa dakika, 12 inakuwa 9. Huwezi kufika chini ya 3 kwa hatua moja, na usiwaahidi hivyo. Ila ningekuwa wewe, ombi la kwanza la bajeti lingekuwa mtu wa kunoa visu zamu nzima, pamoja na visu vya akiba vya kubadilishana, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa sababu hiyohiyo, saa ya kupima ina maana kubwa. Kisu cha saa moja asubuhi, kilichotoka kwenye kinoo, na kisu hichohicho saa nane mchana baada ya kugonga mbavu na magamba ni kazi mbili tofauti kwa mkono unaokishika. Pima mwanzoni na katika saa ya mwisho ya zamu. Usipime siku ambayo samaki ni wachache na watu wanakata kwa starehe. Wala usipime siku ya kwanza ya kusimama na kamera, maana watu watakata kwa namna wanayodhani unataka kuiona. Kama malipo ni kwa kilo, kasi halisi utaiona tu siku ambayo kilo zinahesabiwa.

Faharisi hii haina mahali pa kuandikia baridi wala glovu, nayo ni mambo mawili yanayotawala kiwanda chenu. Samaki aliyetoka kwenye barafu hupoza vidole, vidole vikipoa hupoteza hisia, na mkono usiohisi vizuri hubana zaidi ya inavyohitajika. Glovu kubwa kuliko mkono hufanya vivyo hivyo, na viwanda vingi hununua saizi moja, ambayo kwa kawaida ni kubwa kwa wanawake. Mkazo huo unaingia kwenye hesabu kupitia nguvu inayotumika, lakini chanzo chake hakitaonekana usipokiandika kando: joto la samaki mezani, saizi ya glovu, na kama ina unyevu ndani.

Ukitaka njia ya pili ya kuhakiki, lipo jaribio la baraza la Marekani la wataalamu wa usafi wa kazini, ACGIH, kwa kazi ya aina moja inayofanywa saa 4 au zaidi kwa siku. Hutumia namba mbili tu, shughuli ya mkono, yaani mkono unashughulika mara kwa mara kiasi gani, kwa mizani ya 0 hadi 10 na nguvu ya kilele kwa mizani ya 0 hadi 10. Tangu mwaka 2018 kikomo cha nguvu ni 5.6 ukitoa 0.56 iliyozidishwa na shughuli. Mkono wenye shughuli ya 6 una kikomo cha takriban 2.2, na mkata minofu anayekuambia 4 amekwisha kukipita. Moore, Garg na wenzao nao waliirekebisha faharisi yao baadaye, ikawa na mambo matano, isiyo na madaraja yenye ngazi, na kikomo cha 10. Ni bora kwa mtafiti, lakini inahitaji kompyuta, na kwa kikao cha kiwanda ile ya 1995 inaeleweka haraka zaidi. Usichanganye vikomo vya matoleo hayo mawili.

Kuhusu elektromiografia, yaani vihisi vinavyobandikwa juu ya ngozi kusoma umeme wa misuli, sikushauri uiombe. Ni chombo kizuri mikononi mwa maabara, na vikomo vya Jonsson wa Uswidi bado hutajwa: mkazo wa chini kabisa usiokatika usizidi asilimia 5 ya uwezo wa juu, wa katikati usizidi 14, na wa kilele usizidi 70. Lakini kwenye maji, barafu na aproni za plastiki vihisi huchomoka, na takwimu zake zinahitaji mtu aliyezizoea. Saa na bangili zinazohesabu miondoko ya mkono zina udhaifu mwingine: zinahesabu mwendo, hazioni nguvu, na mkono wa kushoto unaofinya ngozi bila kusogea zitauandika kuwa umepumzika.

Matokeo yaandike kwa namba ya meza na jina la kazi, majina ya watu yasionekane. Wafanyakazi waambiwe hivyo kabla ya kupimwa, mbele ya mwakilishi wao, na msimamizi wa zamu asiwepo unapouliza swali la Borg. Kibarua anayeogopa kukosa kazi kesho atakuambia 2 hata kama jasho linamtoka. Ripoti yako ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio unaoisimamia, na orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 inataja waziwazi maradhi ya kiwiko yatokanayo na kazi ya nguvu inayorudiwarudiwa, pamoja na kubanwa kwa neva ya kifundo cha mkono. Mfanyakazi akifika kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi akiwa na rekodi ya kiasi ambacho kazi yake iliudai mkono wake, daktari ana kitu cha kuanzia zaidi ya neno la mgonjwa.

Lipo kundi moja ambalo halipaswi kusubiri hesabu hizi. Ukimpata mtu ambaye ganzi yake haimwachi hata mchana, anayeangusha vitu, au ambaye ukilinganisha mikono yake miwili unaona nyama ya shina la dole gumba imebonyea upande mmoja, huyo mwondoe kwenye kisu siku hiyohiyo na umpeleke hospitali, kwa sababu neva iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji. Kazi yake mezani ipime baadaye, ukimtumia mwenzake anayekata samaki walewale.